Uchovu Uliomwagwa Njia Panda

Asubuhi hiyo Geng Baolu, daktari wa kujipachika, alikuwa amesimama kwenye njia panda akila andazi la mvuke lenye nyama ndani, ndipo alipomwona tajiri anamwaga dawa barabarani.

Tajiri mwenyewe alikuwa Kuang Dehai, mwenye migahawa mitano ya kuchemshia nyama mezani kwenye mchuzi wa pilipili. Hapa Chengdu hakuna asiyemjua, maana picha yake imebandikwa kwenye mabasi, ameinua vijiti vyenye utumbo wa ng'ombe na anacheka mpaka magego. Asubuhi hiyo hakuwa anacheka. Alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia, amekumbatia chungu cha udongo, na anatazama huku na huku kama mtu anayetaka kumtupa paka wa jirani. Alipodhani hakuna anayemwona akakibinua chungu, machicha ya dawa yakamwagika chini yakifuka mvuke, na bosi akakimbilia nyuma ya nguzo ya umeme ili achungulie nani atayakanyaga.

Sisi wenyeji hatuulizi kwa nini. Dawa ukishaichemsha na kuinywa, machicha unayamwaga njiani. Atakayeyakanyaga anaondoka na ugonjwa wako, na wewe unabaki na afya njema na dhamiri chafu kidogo. Kwa hiyo mwenye macho huyaruka. Akaja mwalimu mmoja, akaruka. Akaja mama na kikapu cha mboga, akazunguka mbali huku akitukana bila kutaja jina la mtu. Mwishowe akaja mpeleka vyakula mmoja, macho kwenye simu, akayapitia katikati. Bosi Kuang akashusha pumzi nyuma ya nguzo yake, akarudi nyumbani ameridhika.

Geng hakuwa anamtazama mpita njia yeyote. Alikuwa anayatazama machicha. Ndani yake mlikuwa na vipande vinene vya jinseng, ule mzizi wa kurudisha nguvu unaouzwa kwa bei ya dhahabu, vilivyokatwa na mkono usiojali gharama.

"Suyun," alimwita msaidizi wake, mwanamke aliyekuwa nyuma yake na mikoba miwili mabegani. "Umeona nini?"

"Nimeona mtu mzima anajificha nyuma ya nguzo."

"Umeona mgonjwa. Tajiri amechoka, madaktari wamemla mpaka mfupa, na bado hajapona. Mtu wa hivyo halali. Anatafuta daktari mpya hata ndotoni."

"Kama halali, hizo ndoto anaziota saa ngapi?"

"Okota hayo machicha."

"Kwa nini kila siku mimi, Kaka?"

"Kwa sababu mimi siamini hayo mambo ya kizamani," alisema Geng, akirudi nyuma hatua moja. "Na mtu asiyeamini hana haja ya kujaribu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Alfajiri walipita mitaa ya wenye nacho, Suyun akichagua vipande vya jinseng kwenye machicha. Akavisuuza, akavianika juu ya paa, akavipaka maji ya sukari ving'ae. Mchana Geng aliviuza bustanini, kwenye nyumba ya chai, kama jinseng mpya ya mlimani, kwa makarani, madereva na walimu waliochoka. Nao walivichemsha, wakanywa, wakamwaga machicha njiani, na kama kipande bado kilikuwa na sura ya heshima, Suyun alikiokota tena. Kuna kimoja aliapa kimeuzwa mara tatu, na ameanza kukionea huruma.

Kwa miaka yote hiyo kidole cha Geng hakikuwahi kugusa machicha. Alikuwa na hotuba ndefu juu ya ujinga wa mila, na aliitoa akiwa mbali kidogo.

Suyun alikuwa amechoka. Nasema amechoka kwa maana ya kweli, si ile ya matajiri. Aliamka kabla ya majogoo, mchana akakaa kwenye foleni akijifanya mgonjwa ili apeleleze wagonjwa, jioni akasuuza na kuanika. Mama yake, kijijini kwenye vilima nyuma ya Yibin, aliamini binti yake ni muuguzi wa hospitali. Fungu lake Geng alikuwa anamtunzia mpaka Mwaka Mpya, na Miaka Mipya ilikuwa inapita tu na baruti zake. Alichotaka ni kimoja: kurudi kwa mama yake na kitu mkononi, kisha alale mpaka ashibe. Siku moja alimtolea Geng ulimi.

"Niangalie basi, Kaka. Nasinzia hata nikipiga mswaki."

Geng, ambaye kutwa nzima aliangalia ndimi za watu, alitupa jicho mara moja. "Ulimi wako mrefu mno. Hiyo ndiyo shida yako. Urudishe ndani."

Siku moja baada ya kumwaga machicha yake, Bosi Kuang alikuja bustanini kusafishwa masikio. Akaketi kwenye kiti cha mwanzi, bakuli la chai mbele yake, na msafisha masikio akaanza kazi na vijiti vyake vya chuma. Kiti cha pili kilikuwa kimeshakaliwa na Suyun, mkono shavuni.

"Mume wangu atakufa," alisema, kama anaongea na chai. "Kachoka huyo, sijapata kuona mtu aliyechoka vile."

Mwanamume ukitaka akueleze ugonjwa wake, mwambie yupo mwingine mgonjwa kuliko yeye.

"Anaamka saa tisa usiku?" aliuliza Kuang.

"Mara mojamoja."

"Mimi kila siku. Natazama dari mpaka kunapambazuka. Miguu yake ikoje?"

"Kawaida tu."

"Yangu barafu. Mke wangu amehamia chumba cha pili kwa ajili ya hii miguu. Dada yangu, mumeo mzima huyo. Anadeka."

Bakuli la chai lilipokwisha, Suyun alikuwa na kila kitu. Alimweleza kuna daktari kwenye kona ile, haongei sana, hapokei kila mtu. Kuang akaenda, akanyoosha mkono juu ya meza, akafunga mdomo.

Ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa mjanja hasemi anaumwa nini. Anamtegea daktari ashike mshipa na aseme mwenyewe. Akikosea, mgonjwa anaondoka na kwenda kumsema mji mzima. Akipatia, mgonjwa yuko tayari kumwachia hata nyumba. Geng akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Kuang, akafumba macho, akakunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Saa tisa usiku," alisema polepole. "Unatazama dari. Miguu baridi. Na mwenye kulalamikia miguu hiyo hayuko tena kitandani."

Kuang akaificha miguu yake chini ya kiti.

"Toa ulimi. Ehee. Unaona umevimba, pembeni una alama za meno? Hiyo ni bandama. Watu wanadhani nguvu zinatoka moyoni, lakini moyo ni mtu wa sherehe tu. Bandama ndiye mpishi. Chakula kikiingia, bandama ndiyo inakigeuza kuwa chi, ile nguvu ya uhai, na chi ndiyo inayokusimamisha asubuhi. Wewe mpishi wako umemkeshesha, halafu unamlisha wasiwasi. Bosi, hakuna kitu kinachoila bandama kama wasiwasi."

Lazima niseme ukweli: hayo yote yamo kwenye vitabu vya tiba yetu, na mabibi zetu waliyajua kabla ya Geng kuzaliwa. Ubaya wake ni kwamba aliokota maneno mazuri akayatumia kufungia takataka. Vitabu hivyo hivyo vinasema mtu wa namna hiyo, pamoja na dawa, apumzike. Ukurasa huo Geng aliuruka, maana pumziko huwezi kulipaka sukari ukaliuza.

"Wasiwasi ninao," alisema Kuang, akivuta kiti karibu. "Wahudumu wangu wanasinzia, daktari. Juzi mmoja amelala amesimama, na sufuria ya mchuzi mkononi. Nimewafokea, nimewakata mshahara, bado miayo tu. Na wao ni bandama?"

"Wanafanya kazi kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Wanafungua asubuhi, wanafunga wateja wakiisha."

"Wateja wanaisha saa ngapi?"

"Wateja wangu hawaishi," alisema Kuang kwa fahari.

"Basi ni bandama."

"Nitengenezee dawa ya wote. Watu sitini. Nataka dawa ya mtu asihitaji tena kulala."

Kwenye kiti chake Suyun alipaliwa na chai.

Geng akaiinamishia kichwa bahati iliyomwangukia. "Dawa ni kama serikali," alisema. "Ina mfalme, ina mawaziri, ina matarishi. Mawaziri ninao. Lakini kwa watu sitini nahitaji mfalme wa kweli. Jinseng ya mlimani, mzee, asiyewahi kuona bustani. Na hao siku hizi hawapo."

Kuang akatazama nyuma, akatazama pembeni, akainama. "Ninaye."

Alikuwa amemnunua zamani ili ampelekee afisa mmoja aliyekalia vibali. Kabla hajampeleka, maafisa wakaanza kukamatwa, na yule wake akaingiwa na woga mpaka akawa hapokei hata chungwa. Mfalme akabaki kwenye kasha la chuma. "Nimemfunga uzi mwekundu kwa mkono wangu," alisema Kuang. "Fundo nimelifunga mwenyewe." Hilo nalo lilikuwa jambo la busara, maana kila mtu anajua jinseng ya mlimani usipoifunga uzi mwekundu inakimbia.

Jioni Geng alitembea chumbani mwake akisugua mikono. Mpango ulikuwa mwepesi. Sokoni kuna mzizi wa ua fulani unaosindikwa kama achari, na ukiuona kwa mbali utaapa ni jinseng. Suyun anunue mmoja, aufunge uzi mwekundu. Kesho wangebadilisha: wa achari uingie kwenye kijaluba, kile kisanduku ambamo Kuang angemleta mfalme, na mfalme atoke.

"Atatokaje?" aliuliza Suyun. "Pale mlangoni kuna shemeji yake bosi. Wahudumu wanaiba utumbo, kwa hiyo anapekua mpaka soksi."

"Atatoka ndani ya ndoo ya machicha. Wewe utayabeba ukayamwage njia panda, kama desturi. Nani atatia mkono kwenye uchovu wa watu sitini?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"La. Safari hii naokota mwenyewe." Geng alisema hivyo kwa sababu mzizi ule ungemlisha mtu maisha yake yote, na hakutaka Suyun aushike bila yeye kuona. "Wewe ukimwaga, nenda zako mtoni ukaoshe ndoo."

"Na fungu langu?"

"Mwaka Mpya."

"Upi?"

"Suyun, usinichoshe."

Suyun akachukua kikapu akaenda sokoni. Hakubishana, na hata mtu mwenye akili ndogo kuliko ya Geng angeshtuka.

Kesho yake, wateja wa mchana walipopungua, Kuang alifunga milango na kuwakusanya wahudumu wote sitini kwenye mgahawa wake mkubwa. Uani palikuwa na sufuria la kuchemshia mchuzi, sasa limejaa maji, mizizi, magome na kunazi kavu. Kuang akamtoa mfalme kijalubani, akamning'iniza kwa uzi wake juu ya mvuke, ili nguvu zake zidondokee kwenye dawa na mwenyewe abaki mzima, kisha akavuta kiti akaketi magoti yanagusa sufuria. Hakupepesa jicho.

Geng alikuwa amevaa koti jeupe. Alikunja mikono yake mpaka viwiko na kuiinua juu, kila mtu aione mitupu. "Mfalme ameoga," alisema. "Sasa anavaa. Bosi, geuka."

"Nigeuke kwa nini?"

"Wewe mkeo akivaa wanasimama wangapi kutazama?"

Wahudumu wakacheka, Kuang akaona aibu, akageuka. Suyun, barakoa usoni ili Kuang asimkumbuke, alikuwa ameshika kitambaa. Akamfunika mfalme, akamshusha, akamfuta, akamlaza, na kijaluba kikafungwa kabla Kuang hajamaliza kukohoa. Kisha Suyun akachota machicha kwa upawa mrefu, akajaza ndoo, akapita nayo kwenye chumba cha kuoshea vyombo kuelekea mlangoni.

"Sasa mnywe," alisema Geng, akiwasha kijiti cha udi. "Kila mtu bakuli moja, halafu mnalala chini na kufumba macho mpaka udi huu uishe. Atakayefumbua kabla ya hapo, dawa inamgeukia."

"Walale?" Kuang alishtuka. "Saa za kazi?"

"Hawalali, Bosi. Wanakunywa dawa kwa mlalo."

Hapo Kuang akaelewa. Mapumziko asingewapa hata wangepiga magoti, lakini dawa ni dawa, na hii alishaigharimia. Wahudumu wakajinyoosha kwenye mabenchi, chini ya meza, juu ya magunia ya pilipili. Wa mwisho hajarudisha bakuli, wa kwanza alishaanza kukoroma. Kuang naye akalala juu ya viti vitatu na kijaluba kifuani, na dakika ileile akazama. Mtu wa saa tisa usiku, analala kama mtoto aliyeogeshwa.

Mlangoni shemeji alimpekua Suyun mifuko, kola na viatu. Alipofika kwenye ndoo akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Hiyo ni ya wote sitini?"

"Na ya bosi juu yake. Unataka kuangalia?"

"Pita. Pita haraka, na usinipumulie."

Geng alitoka baada yake, akapekuliwa, akaonekana safi. Alipofika njia panda, rundo lilikuwa pale, linafuka, na ndani yake ncha mbili za uzi mwekundu zimechungulia. Suyun alikuwa mbali tayari, anateremka kuelekea mtoni na ndoo yake. Kilichobaki kilikuwa ni kuinama.

Geng akainama. Kisha akasimama tena.

Akajiambia ni ujinga. Akajikumbusha hotuba yake yote juu ya mila. Akainama mara ya pili, mkono ukaenda mpaka nusu ya njia, ukarudi wenyewe mfukoni. Uchovu wa watu sitini. Mmoja alilala amesimama. Akachukua mwavuli wake na kuchokoa kwa ncha, na ule uzi ukazama ndani zaidi.

Akapita mama mfagia barabara.

"Mama yangu, nisaidie kuokota kitu changu hapo."

Mama akatazama rundo, akamtazama yeye. "Una mikono mingapi?"

"Miwili."

"Na mimi miwili. Yangu naipenda." Akalizungusha fagio lake mbali na rundo, akaenda.

Geng akakimbia kwa muuza tambi, akaazima vijiti. Muuza tambi alipoona vinaelekea wapi akapiga kelele kwamba vijiti hivyo asivirudishe, avilipe. Vijiti vikateleza kwenye magome, vikashika kunazi, vikashika gamba la chungwa, kila kitu isipokuwa mzizi. Jasho likamtoka. Mwishowe akafumba macho, akafikiria nyumba yenye bustani, akatumbukiza mkono mpaka kifundo.

Palikuwa na joto, na utelezi. Geng alihisi kabisa kitu kinapanda mkononi, kinapita kwenye kiwiko, kinakaa begani. Akapiga mwayo mkubwa. Vidole vikaukuta mzizi, akauvuta, akafumbua macho.

Mbele yake palikuwa na viatu. Viatu vingi.

Udi ulikuwa umeisha. Kuang alikuwa ameamka na furaha zake, akakumbuka raha anayoipenda kuliko zote, ya kuona nani anauchukua uchovu wake, na safari hii akaja na wahudumu sitini, macho maangavu, nyuso zimenawiri. Wakamkuta daktari amepiga magoti njiani, mkono kwenye machicha. Katika maisha yao hawajawahi kuona mtu mwenye akili timamu akiyaokota, na daktari ndiye mtu wa mwisho ambaye wangemtegemea.

"Daktari," alisema Kuang taratibu, "unatafuta nini kwenye uchovu wangu?"

"Nakagua kama yameiva."

"Yameiva?"

"Kiasi."

Uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia kwenye ngumi yake. Kuang akauona. Akafungua kijaluba, akakuta mzizi wenye uzi mpya, umefungwa fundo la kipepeo kama kifurushi cha peremende. Akautupa chini. Akaukunjua mkono wa Geng kidole kwa kidole, akautoa ule mzizi wa kwenye machicha, akalitazama fundo.

"Hili ndilo langu," alisema. Akaufuta mzizi kwa mkono wa shati, akaubusu.

"Tuite polisi, Bosi?" aliuliza mhudumu mmoja.

Kuang akafikiri. Polisi wangeuliza mzizi ulinunuliwa kwa ajili ya nani. "Polisi wana kazi nyingi," alisema. Akawageukia wahudumu. "Lakini dawa, niambieni, imefanya kazi?"

Wahudumu wakatazamana. Akajibu Mama Tan, mkubwa wao, mwanamke aliyebeba masufuria mpaka mgongo ukapinda.

"Imefanya sana, Bosi. Hasa ile sehemu ya mlalo. Bila ile haishuki."

"Haishuki kabisa," wakaitikia wengine.

"Na daktari alisema ni ya kila siku," aliendelea Mama Tan, akimtazama Geng. "Si ndiyo, daktari?"

Geng alitazama nyuso sitini, na nyingine zilikuwa za watu wanaokata nyama kwa riziki.

"Kila siku," alisema.

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Mchana migahawa mitano inafungwa, wahudumu wanakunywa maji ya magome na kujilaza, na Kuang anawasifia wageni tiba yake ya kisasa. Geng ndiye anayekoroga sufuria, bila malipo, shemeji amesimama mlangoni. Yeye peke yake halali, maana lazima mtu auangalie udi. Nimemwona juzi. Ana ulimi uliovimba na alama za meno pembeni.

Mfalme amerudishwa kwenye kasha la chuma, anamsubiri afisa mwenye moyo mgumu. Ninamtakia afisa huyo hamu ya kula, kwa sababu alichofungiwa ni achari. Suyun sokoni alinunua mizizi miwili. Mmoja aliufunga uzi mpya kama alivyoagizwa, ukaingia kijalubani. Halafu, peke yake kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akamtoa mfalme kwenye kitambaa. Kwa mvuke alikuwa amelainika, na uzi wa Kuang ulikuwa kitanzi. Ukateleza shingoni bila fundo kuguswa. Akauvisha mzizi wa pili wa achari na kuutia juu ya ndoo, mfalme akazama chini kabisa. Njia panda alimwaga nusu. Nusu iliyobaki ilikwenda naye mtoni, na mfalme asiye na uzi akafanya kile ambacho wazee wote wanasema atafanya.

Suyun alimsuuza, akamtia kwenye soksi, na soksi kwenye mkoba. Vimizizi vyake vyembamba vilikuwa vimekatika kwenye ndoo, mwili umekunjamana na kuwa mweusi, lakini muuza dawa yeyote mkubwa angemjua kwa shingo yake yenye alama za miaka. Ndani ya basi la Yibin Suyun aliukumbatia mkoba na kupiga mahesabu. Atapumzika kwa mama siku chache, kisha atakwenda kuuza. Atafungua duka la tambi, la kufunguliwa mchana, na mwenye njaa ya asubuhi aende kwingine. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na abiria wa pembeni akadhani amefiwa.

Alifika kwao, akasalimia, akavua viatu, akaanguka kitandani na koti lake. Alilala mchana huo, usiku wote, na siku iliyofuata. Mama yake alikuja mara kwa mara kuweka kiganja mbele ya pua yake, asikie kama anapumua. Alipofumbua macho kulikuwa na harufu ya kuku.

"Hospitali gani hiyo inamfanyia mtu hivi?" mama alisema, akimwekea bakuli. "Rangi yote imekuishia. Nimechinja yule tetea mzee. Kunywa."

Suyun akanywa kijiko kimoja, cha pili. Mchuzi ulikuwa mzito, na nyuma yake kulikuwa na uchungu uliogeuka utamu.

"Mama, umetia nini humu?"

"Tangawizi, chumvi, na kale kakaroti kazee kalikokuwa kwenye soksi yako. Nilikuwa nafua, nikakakuta. Nikasema kasioze bure, nikakakatakata."

Suyun akaweka kijiko chini. Akatazama ndani ya bakuli. Duka la tambi lilikuwa humo, vipande vyembamba vyembamba, vinaelea pamoja na mafuta ya kuku. Alitaka kulia, na kwa muda kidogo alitaka kupiga ukelele usikike mpaka Chengdu. Mama yake alikuwa amesimama na upawa mkononi, amefurahi kwamba hakutupa chakula. Mikono yake ilikuwa na nyufa, na macho yake mekundu kwa kukesha akimwangalia.

"Kalikuwa ka mgonjwa wa watu?" mama aliuliza, woga umeanza kumwingia.

"Hapana, Mama. Kalikuwa kangu." Akachukua kijiko. "Nitilie tena. Na wewe ujitilie. Kaa hapa unywe."

Wakanywa mpaka sufuria ikabaki mifupa. Kisha Suyun akasogea ukutani, mama yake akapanda kitandani upande wa pili, na wote wawili wakalala mchana kutwa, mlango wazi.